RPM Inacheza Odi

Wasee wa mikweche, hii ni yenu. Ka ulinunua ndai yako juzi, ile yenye unachomeka kadude chini ya usukani na simu inakusomea makosa yote, ruka hii stori uende ucheki mambo ya luku. Leo tunabonga na mwenye ako na DX ya mbuyu, ama Corolla 100, ama B12 ya kurithi, na ile mshale ya RPM imeanza kucheza Odi kwa dashi. Uko kwa taa za Jogoo Road, injini inanguruma pole, lakini mshale imepanda elfu nne, imeshuka ziro, imetetemeka kidogo, imetulia, alafu ukigusa indiketa inaruka tena.

Wengi hulenga. Ndai si inatembea? Na hakuna karao wa rodibloku amewahi uliza mtu RPM yake iko ngapi. Wengine nao hukimbia Grogan kutafuta dashi ya eksi-Japani, wanalipa, wanafunga, na wiki ingine mshale mpya inacheza tu vile ya zamani ilikuwa inacheza. Hao ndio hunisumbua roho, juu walichoma doo kwa kitu haikuwa imeharibika. Mimi nasema hivi: kwa ndai za hiyo rika, geji yenyewe ndio unafaa kushuku mwisho. Kabla ufike hapo kuna waya, athi, altaneta, koili, na kazi ya ule msee alikuwekea alam 2014.

Na usidhani hiyo mshale ni urembo. DX ya KE70, ile ilitoka kuanzia 1979 na injini ya 4K ya sisi 1290, ni ya kabureta na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ndio maana watoi wa mtaa wanaipenda hadi leo. Lakini ukifinya gia ya pili hadi mwisho, hakuna kompyuta ya kukukata stimu. Ni wewe, maskio zako na hiyo mshale. Ikidanganya, utajua siku injini itakudai pesa ya kukaa bila kudishi mwezi mzima.

Kwanza elewa vile geji inahesabu, juu ukishaelewa hapo hakuna fundi atakuuzia upepo. Spidi kwa hizi ndai za kale huzungushwa na kebo kutoka kwa giaboksi. RPM haina kebo. Inahesabu cheche. Kila wakati distribyuta inadai cheche, umeme wa koili unakatwa ghafla, na ule upande wa hasi wa koili unaruka hadi volti mia kadhaa kwa sekunde kidogo sana. Waya moja nyembamba inatoka hapo hadi kwa dashi, na geji inahesabu hiyo miruko. Injini ya silinda nne inapiga cheche mbili kwa kila mzunguko. So ikiwa imetulia kwa 750, ni cheche 25 kila sekunde. Ukikanyaga hadi 3000, ni cheche 100 kila sekunde. Hiyo namba ya 100 iweke kwa kichwa, tutaihitaji.

Kwa Corolla 100 iliyotoka 1991, na 110 iliyofuata 1995, pointi za kukata huo umeme wa koili hazipo tena. Kuna ignaita, na kwa nyingi zao imejificha ndani ya distribyuta yenyewe pamoja na koili. Stori ni ile ile, ni vile tu sasa ignaita ndio inatuma ujumbe kwa dashi. Toyota walikuwa wapole, wakakuwekea mahali pa kuupimia: fungua boneti, tafuta kasanduku ka plastiki kameandikwa DIAGNOSIS, na ndani kuna shimo la IG-. Hapo ndio ujumbe wa RPM unapita. Chunga kitu moja tu: usiache hiyo teminali iguse bodi ya ndai, hata kidogo. Ikigusa athi inaweza kuua ignaita ama koili, na hapo umetoka kwa shida ya mshale ukaingia kwa ngori ya kuvutwa na kamba.

Sasa kazi. Usishike spana bado. Funga redio, fungua dirisha, skiza.

Swali la maana kuliko yote ni hili: mshale ikiruka, injini inaruka pamoja nayo? Ka sauti inapanda na kushuka vile mshale inapanda na kushuka, basi mshale inasema ukweli na wewe ndio ulikuwa unaiita mwongo. Hapo shida ni hewa ama mafuta. Kwa ndai ya kabureta, cheki paipu za mpira za hewa zenye zimekauka zikapasuka, na gasketi chini ya kabureta. Kwa injini ya 5A-FE ya hizo Corolla, ile valvu ndogo ya kushikilia injini ikiwa haijakanyagwa hujaa masizi, inaanza kuwinda juu chini, juu chini. Isafishe. Dashi haijakukosea kitu.

Hali ya pili ni mbaya zaidi. Uko Thika Road, gia ya nne, alafu mshale inaanguka ziro mara moja na ndai inakushtua kwa kiti, inarudi, inaendelea. Hiyo usilenge, tafadhali. Gari lilikuwa bado linasonga, magurudumu yalikuwa bado yanazungusha injini, kwa hivyo injini haikuwa imesimama. Mshale ilienda ziro juu cheche zenyewe zilikatika. Hapo shuku koili, ignaita, waya ndogo za ndani ya distribyuta zenye zinavunjika ndani ya mpira bila kuonekana, ama swichi ya ufunguo. Swichi huliwa na wale wasee wa kubeba funguo za keja, za duka, za geti na kopo la kufungulia soda zote kwa mnyororo moja. Jaribu hivi: injini ikiwa imewaka na ndai imesimama, tikisa ufunguo bila kuzima. Mshale ikishtuka na injini ikikohoa, umepata mwizi. Ka ni DX ya pointi, fungua kofia ya distribyuta ucheki pointi ka zimeungua na kuwa na mashimo. Kondensa ikichoka, pointi zinachomeka haraka na mshale inaruka na injini inapiga chafya.

Ya tatu ndio ya wengi: injini iko fiti kabisa, inanguruma sawa, lakini mshale iko na maisha yake. Hapa sasa ndio tunaingia kwa umeme. Lakini kabla uingie, thibitisha. Maskio ya mtu huzoea, na injini ya zamani hutetemeka hata ikiwa mzima. Chukua simu, weka programu ya bure ya kuonyesha masafa ya sauti, zile wasee wa kurekodi ngoma hutumia. Mwambie boy wako ashikilie mguu mahali sauti haibadiliki, wewe simama karibu na eksozi. Tafuta mlima mkubwa wa chini kwa grafu. Kwa silinda nne, chukua hiyo namba ya masafa uzidishe na 30. Ukiona 100, injini iko 3000. Ukiona 80, iko 2400. Usijaribu injini ikiwa imetulia, juu maiki za simu nyingi hazisikii vizuri sauti ya chini hivyo. Ka fundi wako ako na taa ya timing yenye inaonyesha RPM, hata bora, unashika tu waya ya plagi ya kwanza na inakusomea. Vile utaona namba imesimama na mshale bado inaruka, sasa unajua nani anadanganya.

Mita unayo? Ka huna, shuka Luthuli uchukue ile ya bei ya chini kabisa. Kwa hii kazi inatosha. Mtu wa mkweche bila mita anakuwanga mteja wa kila mtu.

Angalia kwanza ka mshale inaruka pekee yake. Washa taa kubwa, washa waipa, washa indiketa, kanyaga breki. Geji ya mafuta na ya joto ni polepole, hazirukiruki, lakini ukiona zimesonga ukiwasha taa, ama taa za dashi zinapungua nguvu na indiketa, basi dashi yote inakosa umeme msafi. Mara mingi ni athi. Weka mita kwa volti, mkono moja kwa teminali ya hasi ya bateri, mwingine kwa chuma yenye athi ya dashi imefungwa, kila kitu ikiwa imewaka. Ukipata chini ya 0.2, sawa. Ukipata nusu volti na kuendelea, kuna kutu mahali. Rudia kipimo kati ya hiyo hasi na injini yenyewe. Ule mkanda wa shaba kati ya injini na bodi huoza hadi unabaki nyuzi mbili tatu, na msee anashangaa mbona stata imekuwa mzito na RPM ina wazimu kwa wiki moja. Fungua, piga msasa hadi chuma ing'ae, funga, paka grisi juu. Na wewe mwenye uliweka woofa kwa buti na amplifaya ukaifunga athi kwa skrubu ya kiti: tunakujua. Toa hiyo.

Alafu altaneta. Injini ikiwa imewaka, bateri inafaa kusoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta imekufa na inachoma kila kitu. Lakini altaneta inaweza soma 14 safi na bado iwe na shida: daiodi moja ikiharibika inaachilia umeme wa mawimbi, na geji inahesabu hayo mawimbi ikidhani ni cheche. Geuza mita iende upande wa AC, pima tena kwa bateri. Ikipita nusu volti, altaneta ndio inakuchezea. Ukitaka uhakika, injini ikiwa baridi, toa mkanda wa altaneta uwashe kwa nusu dakika tu. Mshale ikitulia, jibu umepata. Usizidishe, juu kwa 4K huo mkanda ndio unazungusha pampu ya maji.

Na hapa wacha niseme kitu yenye imenikaa. Kuna wale mafundi wa kupima altaneta kwa kuchomoa teminali ya bateri injini ikinguruma, ati ikiendelea kuwaka altaneta ni mzima. Hiyo ni ushamba. Ukichomoa bateri ghafla volti inaruka juu vibaya, na ignaita, redio, ama regyuleta inaweza kwenda hapo hapo. Ukimwona fundi ananyoosha mkono kwa teminali na injini imewaka, mwambie pole pole aache, ama umrudishie spana zake.

Waya za plagi nazo. Ka mshale inatulia injini ikiwa imetulia lakini inaanza kuruka ukikanyaga, na redio ya AM inalia zzz pamoja nayo, hiyo ni kelele ya cheche inaingia mahali haikualikwa. Waya za Toyota ziko na ukinzani wa kukata hiyo kelele, na kitabu kinasema kila moja isipite kiloomu 25. Ikipita imechoka. Lakini waya ya shaba tupu ya kuokota, yenye inasoma karibu ziro, pia ni noma, juu inarusha kelele kwa kila waya iko karibu. Cheki pia plagi. Ka ni NGK, ile yenye ina R kwa jina, mfano BPR5ES, iko na rezista ndani. BP5ES haina. Ka ulinunua ile isiyo na R juu ilikuwa na bei ya chini, sasa unajua shilingi zilienda wapi. Alafu hakikisha waya ya RPM haijalala sambamba na waya za plagi. Isongeze, ipitishe kando.

Tukifika kwa waya yenyewe ndio utajua Nairobi iko na wasanii. Ndai ya zamani imepitia mikono mingi, na kila mkono iliacha kitu. Alam, treka, swichi ya siri ya kuzima wezi, taa za bluu chini ya viti, redio tatu tofauti. Wengi wa wale waliviweka hukataga waya, wanazisokota na vidole, wanafunga na tepu nyeusi. Miaka mitano baadaye jua imeyeyusha gundi ya tepu, waya zimekuwa kijani ndani, na kila shimo la barabara linaziamsha. Fuata ile waya ya RPM kutoka koili hadi dashi, na kila mahali utapata tepu, fungua. Cheki zaidi mahali inapita kwa ukuta wa chuma kati ya injini na kabini, juu kale kamviringo ka mpira huoza na chuma inakula waya pole pole. Hapo ndio hatari iko: hiyo waya ikigusa bodi, koili inakwama athi, cheche zinaisha, injini inazima. Kuna watu wamebadilisha koili, pampu ya mafuta na distribyuta juu ya ndai yenye inazima ovyo, kumbe ni hako ka waya ka dashi. Kipimo chake ni rahisi: chomoa waya ya RPM upande wa koili, ifunge tepu, endesha siku mbili. Ndai ikiacha kuzima na mshale imelala, fundi wa waya ndio unamhitaji, si wa injini.

Sasa ka umepima yote na bado inaruka, ndio ruhusa ya kufungua dashi. Toa hasi ya bateri kwanza. Piga dashi na kiganja kabla uitoe: ikitulia ama ikishtuka, kuna kiungo legevu ndani. Kwa Toyota za hizo miaka, geji ya RPM imeshikwa kwa nyuma na skrubu ndogo, na hizo skrubu ndizo zinapitisha umeme, athi na ujumbe kutoka kwa ile karatasi ya plastiki yenye njia za shaba. Zikilegea, mshale inapagawa. Zitoe moja moja, safisha, kaza kiasi, usizivunje. Wasee wengi shida yao iliisha hapo, bila spea hata moja. Ikikataa, angalia kibao cha ndani: risasi yenye imepasuka kwa miguu ya vipande, na kapasita zenye zimekauka. Dalili yake ni kwamba ndai iliyoanikwa juani saa nane inaruka, na usiku iko poa. Msee wa kutengeneza redio anaweza chomelea hiyo kitu upya na kubadilisha kapasita huku ukinywa soda.

Ka ni geji ya kuongeza, ile ya duara ya kufunga juu ya dashi, geuza ucheki nyuma kwa swichi ya 4, 6, 8. Ikiwa kwa 8 na una silinda nne, itakusomea nusu. Vile vile ukitoa dashi kwa Mark II ya silinda sita ukaipachika kwa Corolla, 3000 yako itasoma 2000 na utajiona una injini ya kupumzika wakati inalia. Hiyo haijaharibika, imezoea tu injini ingine. Wa dizeli nao, hampigi cheche, kwa hivyo nusu ya haya hayawahusu. Kwa dizeli nyingi za zamani ujumbe unatoka kwa altaneta, so mkanda ukiteleza, RPM inadanganya. Kazeni mkanda kwanza.

Ukishindwa kabisa, mtafute fundi wa waya, huko Kariobangi Light ama mtaani kwenu, na umwambie hivi: athi nimepima, altaneta nimepima, waya nimefuata, nionyeshe na mita kitu yenye imekufa ndio nilipe. Akianza kwa kukuambia nunua dashi mpya bila kushika mita, washa mkweche wako uende kwa mwingine.